Sababu ya Safari: Majani ya Chai

Mwaka wa hamsini na saba soko la Embu lilikuwa na kelele za aina mbili: za watu wanaouza, na za askari wanaotaka kuona pasbuku, kile kitabu cha ruhusa ya kutembea. Ijumaa ile ikaongezeka ya tatu. Kijana mrefu, koti la kijivu, tai nyekundu iliyofungwa kama ya mtu aliyevaa akikimbia, alisimama juu ya kasha tupu akaweka parapanda ya bati ya kupazia sauti mdomoni.

"Mama! Ndiyo, wewe wa kitambaa cha kijani! Jumapili mzee wako atakaa benchi la mbele au la nyuma? Shati jeupe halikai nyuma! Sabuni ya Theluji! Nina makasha manne tu, na watu wa Siakago wanayangoja saa hii. Chukua yako sasa!"

Wanawake wakasukumana. Kathambi naye akasukumwa, au alijisukuma, hakumbuki vizuri. Alikuwa amevaa gauni la rangi ya samli lenye ukosi mweupe, kiondo begani, penseli sikioni kama fundi seremala. Penseli ndiyo iliyokuwa kazi yake. Kila wiki aliandika Ukurasa wa Mama katika gazeti la Mjumbe wa Mlima: jinsi ya kuchemsha maji ya mtoto, jinsi ya kuhifadhi maharagwe yasiliwe na wadudu. Watu waliomsoma walidhani ni mama wa miaka hamsini. Alikuwa na ishirini na tatu, mtu wa Mitunguu upande wa Meru, na hakuwa na subira na watu wanaopiga kelele bila kueleza kitu.

"Wewe bwana," alisema umati ulipopungua, "umesema robo saa nzima na hujatuambia hiyo sabuni imetengenezwa kwa nini."

"Hakuna aliyeuliza, dada."

"Mimi nauliza."

"Mafuta na magadi, kama sabuni zote za dunia. Sasa nikisema hivyo nani atafungua leso yake?"

"Atakayetaka kujua kama itamchubua mtoto."

"Huyo ni mteja wa kesho. Mimi nalishwa na wa leo." Akainama, akachungulia kwenye kiondo chake. "Na hivyo vipande viwili juu ya viazi? Ulivinunua baada ya kujua vina nini?"

Wanawake walicheka mpaka wa kitambaa cha kijani akakaa chini. Kathambi akatazama kiondo chake. Kweli, Theluji mbili. Hata hakumbuki saa aliyotoa pesa.

"Unaitwa nani?" akauliza kwa hasira.

"Njura. Na wewe ni Mama wa Ukurasa, nimekujua kwa penseli. Mama yangu husomewa ukurasa wako kila wiki. Anasema una hekima za bibi kizee. Hakuniambia bibi kizee mwenyewe yuko hivi."

* * *

Jumanne Njura alikuja ofisini kwa gazeti na tangazo mkononi. Lilikuwa na mistari mitatu. Kathambi alilisoma akiwa amesimama, akaligeuza aone nyuma kama kuna zaidi.

"Hii tu?"

"Hii tu, Mama wa Ukurasa."

"Mimi kwa kuanza tu naandika zaidi ya hii."

"Kwa sababu wewe msomaji wako ameketi. Wangu anapita. Ana mzigo kichwani, askari mbele, mvua nyuma. Nina nafasi ya kumwita mara moja tu." Akavuta kiti bila kukaribishwa. "Sikiliza, nikufundishe bure. Kwanza, ongea na mtu mmoja, usiongee na soko. Pili, usimwambie sabuni ikoje, mwambie yeye atakuwaje. Watu hawanunui sabuni, wananunua shati la Jumapili. Tatu, mwishoni mwambie afanye nini, na afanye lini. Ukimwacha bila hilo atakusifu, aende zake."

"Akienda nyumbani na sabuni ikamchubua?"

Njura akanyoosha tai yake.

"Mimi nami nikufundishe bure," alisema Kathambi. "Mama mmoja wa Gachoka ameniandikia wiki iliyopita. Makala ya maji ya kuchemsha niliandika mwezi wa pili. Sasa ni wa tano. Anasema alikata ule ukurasa akaubandika ukutani, na mtoto wake hajaharisha tena. Sikumwambia 'chukua sasa'. Nilimwambia yaliyo kweli, yote, pamoja na yale magumu, na kuni zinazohitajika. Akakaa nayo. Siku alipokuwa tayari, akafanya. Na sasa nikiandika lolote, ananiamini."

"Miezi mitatu!" Njura akashika kichwa. "Bwana Popat angenifukuza siku ya pili."

Bwana Popat ndiye aliyekuwa na duka la jumla barabara kuu, na Njura alikuwa mdomo wake.

Basi wakawa wanafundishana. Walifundishana kwenye hoteli ya mkabala na posta, kwa chai na mandazi. Walifundishana wakitembea mpaka kona ya kanisa, wakarudi, wakatembea tena. Kila jioni kafyu, ile amri ya kutotoka nje usiku, iliwakatiza katikati ya sentensi, na Mama Nelius, mwenye nyumba aliyopanga Kathambi, akiwa mlangoni na watu wake wote, wapangaji, wajukuu na majirani waliokuja kuomba chumvi wakasahau kuondoka.

"Mwalimu wa sabuni amekufikisha?" wangeuliza kwa pamoja.

"Tulikuwa tunazungumza kazi."

"Kazi! Na hayo mashavu ni kazi imeyapaka?"

Kitu kimoja tu kilimsumbua Kathambi. Njura aliongea juu ya kila mtu, lakini akiulizwa habari ya baba yake alisema, "Mzee yuko mbali kikazi," kisha akachekesha watu. Kathambi, ambaye kazi yake ilikuwa kuuliza mpaka mwisho, aliona mahali pale pamerukwa. Akaliacha jambo hilo kwanza.

Mwezi wa saba gazeti likamhamishia Meru, akafungue ofisi huko. Njura alibeba sanduku lake mpaka kituo cha basi.

"Niandikie," alisema.

"Nitaandika. Na wewe uandike barua, si tangazo."

* * *

Siku zile za Hali ya Hatari mtu wa Embu au wa Meru hakuwa anaondoka wilaya moja kwenda nyingine kwa sababu amempenda mtu. Ilitakiwa karatasi yenye muhuri, na karatasi ilitaka sababu. Barua nazo zilifika bahasha imefunguliwa ikafungwa tena kwa gundi isiyo yake. Kwa hiyo waliandikiana kama watu wanaozungumza mbele ya wakwe.

Barua ya kwanza ya Njura ilikuwa na mistari miwili. *Kabla yako asubuhi ilikuwa giza tu. Niandikie leo.* Kathambi aliisoma njia nzima kutoka posta. Akaiweka ndani ya Biblia, akaitoa, akairudisha.

Yeye akajibu kurasa nne. Aliandika habari za nyumbani kwao Mitunguu: kwamba baba yake, Mzee Mutembei, ni mzee wa kanisa, na Jumapili baada ya ibada huwa nyumbani. Kwamba hanywi chai yenye sukari. Kwamba mgeni akifika huulizwa kwanza ukoo wa babu yake. Kwamba ukitoka barabarani unapita kinu, halafu unashika kushoto kando ya migomba, kwa sababu kulia kuna mbwa mkali. Kwamba dada yake ana masufuria makubwa mawili na hajayaazima kwa mtu mwaka huu. Alipomaliza alikuwa na jasho.

Jibu likaja baada ya wiki tatu. *Asante kwa habari za migomba. Nangoja neno moja tu: unanitaka au hunitaka?*

Kathambi akaketi kwenye ngazi za posta. Kurasa nne! Mtu huyu anasoma kwa macho gani?

Na siku ile ile, akirudi kazini, akaliona. Ukutani kwa duka, karibu na stendi, bango jipya la manjano lilikuwa bado linadondosha gundi. Kikombe kinachofuka mvuke, mlima nyuma yake, na herufi kubwa kama mkono wa mtu:

KABLA YA CHAI MAPAMBAZUKO ASUBUHI NI GIZA TU. NUNUA LEO.

Alisimama mbele yake mpaka mwenye duka akatoka kumuuliza kama anataka pakiti ngapi.

* * *

Alhamisi alipiga simu. Simu ya mbali kutoka posta ya Meru mpaka posta ya Embu ilipita mikononi mwa karani mmoja aitwaye Runji, na Runji alijua mambo ya mji kuliko kasisi. Watu walisema ukitaka siri yako isitoke Embu, usiipitishe kwa waya. Sheria ya dakika tatu kwa kila simu aliishika sana, hasa kwa watu waongo.

"Duka la Bwana Popat? Zungumzeni," alisema Runji, na wote wawili wakamsikia akivuta kiti chake karibu.

"Kathambi! Mtu wangu! Haki nimekuwa nikifikiria..."

"Usiniite mtu wako. Niite pakiti. Niite kikombe."

"Umeliona."

"Mji mzima umeliona! Maneno niliyoweka ndani ya Biblia, Njura, yako ukutani na bei chini yake! Uliniandikia mimi, au mimi nilikuwa soko la kujaribia?"

"Nilikuandikia wewe."

"Halafu ukamuuzia Popat."

Waya ulikuwa unavuma. Kathambi aliweza kusikia pumzi mbili upande wa pili, ya Njura na ya Runji.

"Kuna sababu," alisema Njura polepole. "Siwezi kuisema hapa."

"Hapa ndipo nilipo."

"Kathambi, siwezi kuisema kwa *simu*."

"Basi sikiliza mimi ninayeweza. Jumapili wazee wa Muthamia, karani wa chifu, wanakuja nyumbani na asali ya posa. Baba ameniuliza mara mbili: huyo wako wa Embu ni nani, mtoto wa nani, mbona sijaona hata barua kutoka kwao? Nimekosa la kumjibu. Mpaka Jumapili. Baadaye sitaulizwa tena."

"Jumamosi," alisema Njura. "Sokoni Meru. Saa nne."

"Unaona? Hata sasa unanitangazia!"

"Dakika tatu," akasema Runji, na kwa sauti yenye huzuni kidogo, kama mtu aliyenyang'anywa sahani, akakata.

* * *

Aliapa kwamba hatakwenda. Jumamosi akavaa gauni la maua ya manjano alilosema ni la Pasaka, akafunga kilemba, akakifungua, akakifunga upya, akaenda kwa sababu alihitaji nyanya.

Gari la Bwana Popat lilikuwa katikati ya soko, kikombe kikubwa kimechorwa ubavuni. Njura juu ya kasha, tai ile ile nyekundu. Askari mmoja alikuwa ameegemea taa ya gari akinywa chai ya bure. Njura alimwona Kathambi, na parapanda ikamshuka mkononi katikati ya neno.

"Umekuja kuuza chai," alisema Kathambi.

Njura alitoa karatasi mfukoni, akamfunulia, kidole chake chini ya mstari mmoja. Kathambi akasoma muhuri, jina, tarehe, kisha: *Sababu ya safari: matangazo ya majani ya chai. Mwisho: leo, saa kumi alasiri.*

"Nilikwenda ofisi ya DC mara tatu kwa miguu yangu," alisema Njura kwa sauti ya chini, macho kwa askari. "Karani anauliza, unaenda Meru kufanya nini? Nimwambie Kathambi? Angenicheka, anirudishe. Bwana Popat peke yake ndiye anayeweza kuniandikia barua ya safari. Akasema, nipe maneno ya chai yanayostahili kufika Meru na gari litakwenda, nawe juu yake. Nikampa maneno kumi. Akayakataa yote. Nilikuwa nimebaki na mstari mmoja."

"Wa kwangu."

"Wa kwako. Niliutoa ili nifike ulipo. Sasa hilo ningelisema kwa simu, Runji akiwa katikati na sijui nani nyuma ya Runji? Kesho yake karatasi ingefutwa."

Kathambi aliangalia nyanya alizokuwa hajazinunua. Hasira ilikuwa bado ipo, lakini imekosa mahali pa kukaa.

"Na barua yangu? Habari za migomba?"

"Nimeisoma mpaka imechanika, mpenzi. Sikuona mahali uliponiita."

"Hukuona!" Akasahau askari, akasahau soko. "Nimekuandikia baba yuko nyumbani siku gani. Nimekuandikia chai yake isitiwe sukari. Nimekuonyesha njia mpaka nikakukinga na mbwa! Masufuria ya dada yangu, Njura! Nani huandikiwa habari za masufuria kama si mtu anayekuja na wazee wake?"

Njura akakaa juu ya kasha taratibu, kama aliyevutwa koti.

"Mimi nilitafuta mstari wa mwisho," alisema. "Nilitafuta 'njoo'."

"Wewe kila mahali unatafuta 'njoo'."

"Wee kijana, chai inauzwa au mnaposana?" mama mmoja wa viazi akauliza.

"Ngoja kidogo, mama," alisema mwenzake, "hii ni tamu kuliko chai."

Saa ilikuwa sita. Kathambi akatoa penseli sikioni na karatasi moja ya daftari lake.

"Kesho huwezi kuja, na wazee wa Muthamia watakuja. Karatasi itakuja badala yako. Mwandikie baba. Usimwuzie kitu."

"Niandike nini?"

"Yale unayoruka."

Njura akageuza kasha likawa meza. Aliandika akifuta, akiandika tena, jasho likidondoka kwenye karatasi, dereva akipiga honi, wanunuzi wakijichukulia pakiti na kuweka pesa kwenye kofia yake bila kuitwa na mtu. Kathambi alikuwa hajawahi kumwona akikosa maneno. Saa tisa akampa.

*Mimi ni Njura wa Njagi, ukoo wetu nitautaja wote mbele yako. Kazi yangu ni kuita watu wanunue. Si kazi ya shamba na huenda usiipende. Baba yangu hayuko mbali kikazi. Alichukuliwa mwaka wa hamsini na nne, yuko kizuizini Manyani, hatujui atarudi lini. Nimelificha hili kwa kila mtu na kwa binti yako pia, na kumficha yeye kulikuwa kosa. Sina baba wa kumleta kwako. Nina mjomba mmoja, mguu wake mbovu lakini atakuja. Karani wa chifu akijua mimi ni mtoto wa nani, huenda nanyi mkasumbuliwa, kwa hiyo fikiria hilo kabla ya kufikiria lingine. Namtunza mama. Sinywi. Naongea sana. Nampenda Kathambi.*

Hakukuwa na neno "leo" popote. Kathambi alisoma upande wa kwanza, akageuza, akasoma wa pili. Alitaka kumshika mkono, lakini soko zima lilikuwa linangoja kuona kama atamshika.

"Manyani," alisema.

"Miaka mitatu. Ungelijua mapema, ungetembea na mimi mpaka kona ya kanisa?"

"Ningetembea. Na ningekuuliza anapelekewa blanketi kwa njia gani."

Njura akageuza uso upande wa gari. Askari aliyeegemea taa akaangalia saa yake, akamwaga machicha ya kikombe.

"Wewe wa chai! Saa yako imefika."

"Kathambi, nijibu basi. Neno moja, nisafiri nalo."

"Baba hajasoma."

"Kathambi!"

Gari likaondoka naye akiwa amening'inia mlangoni, tai ikipepea, mdomo wazi, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuwa na la kupaza.

* * *

Jumapili wazee wa Muthamia walikuja wanne, kofia mkononi, kibuyu cha asali kimefungwa vizuri. Walisema mema ya kijana wao kwa zamu: baiskeli yake, dawati lake, mkono wake kwenye mihuri yote ya lokesheni. Mzee Mutembei aliwasikiliza wote. Kisha akavaa miwani, akasoma ile karatasi pande zote mbili. Akarudi mwanzo. Nyumba ilikuwa imejaa shangazi, na hakuna aliyekohoa.

"Ninyi watu wema," alisema mwishowe, "mmeniambia yote mazuri, na sina shaka ni kweli. Mabaya ningetuma watu wakachunguze, kama desturi. Huyu amenichunguzia mwenyewe." Akaikunja karatasi. "Tutasumbuliwa kidogo kwa ajili yake."

"Kwani tumeacha kusumbuliwa lini?" alisema mama yake Kathambi kutoka mlango wa jikoni.

"Na wewe, mwandishi, unasema nini? Usinipe kurasa nne."

"Namtaka, baba."

Asali ikarudi na wenyewe, kwa heshima, na chai juu yake. Haikuwa na sukari.

Jumatatu asubuhi posta ilipofunguliwa Kathambi alikuwa wa kwanza dirishani. Runji akaunganisha, akavuta kiti.

"Duka la Bwana Popat? Zungumzeni."

"Kathambi? Sijalala siku mbili. Alisoma? Alisema nini? Muthamia..."

Usiku kucha alikuwa ameandaa mambo ya kueleza: uso wa baba, maneno ya mama, shangazi waliolia, wazee wa Muthamia walivyoaga kwa heshima. Yangejaza kurasa sita. Akayaacha yote.

"Njoo," alisema. "Lete mjomba."

Upande wa pili akasikia kishindo cha mtu aliyekaa juu ya gunia, halafu pumzi, halafu kicheko kidogo kilichovunjika katikati. Hakusema neno. Naye hakusema. Walikaa hivyo na waya ukivuma kati yao, juu ya mito yote ya njia ya Chuka. Dakika ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Runji alikuwa na mkono juu ya swichi. Akaitazama saa ya ukutani, akauondoa mkono, akaanza kufuta miwani yake.